Usianze na kapasita

Ukifungua mashine ya gemu ya kaseti iliyokaa miaka 20 juu ya kabati la nguo Temeke au Magomeni, kitu cha kwanza utakachokiona si kapasita iliyopasuka, kile kijisehemu cha bodi kinachotunza umeme kwa muda. Ni mende. Utakuta maganda yao, kisha vinyesi vyeusi vilivyogandamana kwenye miguu ya chipu, na kama nyumba iko upande wa baharini, utakuta kutu ya kijani kila mahali ambapo shaba ilibaki wazi. Kapasita zenyewe, zile za kawaida zenye miguu miwili iliyopita kwenye matundu ya bodi, mara nyingi bado ni nzima.

Jambo hili linaonekana dogo, ila linapindua miongozo mingi ya ukarabati inayotoka Ulaya na Marekani. Wengi wa waandishi wake huanza na orodha ya kapasita za kubadilisha, kwa sababu mashine zao zimezeeka ndani ya nyumba kavu. Dar ina unyevu wa pwani karibu mwaka mzima, ina chumvi hewani, na ina soko lililojaa adapta za kila aina. Kinachoua mashine hapa ni umeme usio wake, halafu kutu, halafu wadudu. Kapasita inakuja ya nne. Anayefuata mpangilio wa Ulaya hupeleka joto la risasi ya kuchomelea mahali pasipo na ugonjwa, na kwenye bodi nyembamba za mashine za bei nafuu, joto hilo hubandua njia za shaba zilizokuwa salama.

Historia nayo inaamua nini cha kukusanya. Mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta bila kibali maalumu, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha runinga hadi 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na runinga ya rangi tangu miaka ya 1970. Sinclair ZX Spectrum na Commodore 64 zote zilitoka mwaka 1982, na zote zilitegemea kuwa sebuleni tayari kuna runinga. Zama hizo za kompyuta ya nyumbani zilipita Dar bila kupiga hodi. Runinga zilipoenea, kilichozifuata ni nakala za Famicom ya Nintendo, ile ya mwaka 1983, zilizotengenezwa Taiwan na China. Baadaye zikaja PlayStation na PlayStation 2 za vibandani, pamoja na kompyuta za ofisini za mitumba. Anayeagiza kompyuta ya Amiga kutoka Ujerumani hafanyi kosa, lakini anakusanya utoto wa mtu mwingine, na ikiharibika atasubiri kipuri kwa posta. Mashine inayofaa kukusanywa Dar ni ile ambayo Dar inaweza kuitengeneza.

Kwa nakala za Famicom, usinunue kwa sura ya nje. Fungua skrubu, ni za nyota za kawaida, utazame bodi. Zipo za aina mbili. Ya kwanza ina chipu mbili ndefu za miguu 40, mara nyingi zimeandikwa UA6527P na UA6538 za kampuni ya UMC, na kando yake vichipu vidogo vya kumbukumbu vya aina ya 6116 pamoja na vya familia ya 74. Hiyo chukua. Kila kitu humo kinapimika, na vile vidogo vinabadilishika. Ya pili ina tone jeusi la gundi ngumu lililofunika kila kitu, kama tone la lami. Hilo likifa limekufa. Inunue kwa ajili ya ganda, pedi na adapta, tena kwa bei ya ganda, pedi na adapta.

Wapo wanaozidharau nakala hizi kuwa ni feki tu. Kiufundi dharau hiyo haina msingi. NES halisi, yaani Famicom kama ilivyouzwa Ulaya, inaendesha chipu yake kuu kwa megahezi 1.66, wakati Famicom ya Japani inaendesha kwa 1.79. Nakala yenye UA6527P inaendesha kwa 1.77, na mpangilio wa mistari ya picha umepangwa ili kaseti za Kijapani zisivunjike kwenye runinga za mfumo wa PAL kama zetu. Picha bado ni 50 kwa sekunde badala ya 60, kwa hiyo gemu inatembea polepole kidogo, lakini sauti haishuki na picha haikatiki. Kwa mtu mwenye runinga ya PAL na kaseti za pini 60, huo ni uhandisi mzuri kuliko wa mashine halisi ya Ulaya.

Sasa umeme, maana hapa ndipo mashine nyingi zinapouawa baada ya kuokolewa.

Famicom halisi inataka volti 10 za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), miliampea 850, na katikati ya plagi ni hasi. Nakala nyingi zinafuata mtindo huo kwa volti 9. Adapta zilizojaa Kariakoo leo ni za ving'amuzi, ruta na kamera za ulinzi: nyingi ni volti 12, na katikati ni chanya. Plagi inaingia vizuri kabisa, na hapo ndipo msiba ulipo. Ukiichomeka, umeme unaingia kinyume kwenye kapasita ya mlangoni na kwenye regulata ya 7805, ile inayoshusha volti hadi 5. Ukiwa na bahati vinakufa hivyo viwili tu. Usipokuwa nayo, vinaondoka na chipu.

Hata ukigeuza nyaya ili hasi ikae katikati, volti 12 bado ni nyingi. Regulata ya 7805 inapunguza umeme kwa kuugeuza joto. Mashine ikinywa nusu ampea, kwa volti 9 regulata inachoma wati 2. Kwa volti 12 inachoma wati 3.5, ndani ya boksi la plastiki, katika chumba chenye joto la nyuzi 31. Kibati chake cha kupoozea hakikupangiwa kazi hiyo.

Mashine nyingine zina mitego yao, na plagi nyingi hazitofautiani kwa kuangalia tu. NES ya Ulaya na Marekani inakula volti 9 za AC (umeme wa kwenda na kurudi, kama wa ukutani). Adapta yake ukiipeleka kwenye Famicom, unaiua, kwa sababu Famicom haina daiodi za kugeuza AC kuwa DC. Mega Drive ya kwanza, mashine ya gemu ya Sega, inataka volti 9 za DC, katikati hasi. Ya pili inataka volti 10, katikati chanya. Spectrum inataka volti 9 za DC, katikati hasi. Commodore 64 ina adapta inayotoa volti 5 za DC na volti 9 za AC kwa pamoja, na ile ya asili ikizeeka, upande wa volti 5 hupanda na kuchoma kumbukumbu. Kwenye plagi yake ya pini 7, pima kati ya pini ya 2 na ya 5: ikisoma zaidi ya 5.2, usiichomeke tena kwenye kompyuta hata kwa kujaribu. Kwa mashine zilizotoka Japani zenye kamba ya ukutani, kama PlayStation 2 nene, soma nyuma: ikisema volti 100 tu, inahitaji transfoma ya kushusha kutoka 230. Soketi ya ukutani haisamehe.

Adapta yoyote ya zamani ipime mara mbili. Ya transfoma nzito iliyoandikwa volti 9 itasoma 12 hadi 14 ikiwa haina mzigo, na hiyo si kasoro. Ibebeshe rezista ya omu 10 ya wati 10 kwa nusu dakika, bila kuigusa kwa kidole kwani inapata moto, kisha pima tena. Ikishuka chini ya volti 8, haitaitosha 7805, na utaona mistari inayopanda kwenye picha na sauti inayonguruma. Hapo lawama ni ya adapta, lakini wengi hubadilisha kapasita za bodi nzima kabla ya kuigusa.

Kuna kinga ya sehemu moja tu inayopaswa kuwemo ndani ya kila nakala ya Famicom hapa mjini: daiodi ya 1N5822, iliyokatizwa kwenye waya chanya kati ya tundu la adapta na 7805, mstari wake mweupe ukielekea kwenye regulata. Inakula chini ya nusu volti, na umeme ukija kinyume haupiti. Wanaotaka kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani watapinga. Wapinge. Daiodi inatolewa kwa dakika mbili. Chipu ya UMC iliyoungua hairudi.

Kabla ya kuwasha chochote, pima omu (ukinzani) kati ya mguu wa kutokea wa 7805 na ardhi, yaani upande hasi wa bodi. Ikisoma karibu na sifuri, kuna shoti mbele na kuwasha ni kuongeza hasara. Kwa mashine zinazochomekwa moja kwa moja ukutani, mafundi wa redio wana kifaa kisichozeeka: taa ya sirizi. Balbu ya waya ya wati 60 inaunganishwa mfululizo na mashine. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea. Balbu ya LED haifanyi kazi hiyo, na balbu za waya zinazidi kuwa adimu madukani, kwa hiyo ukiona mbili au tatu weka akiba.

Usafi una mpangilio wake. Anza na brashi kavu laini, nje kabisa ya nyumba, maana vumbi la vinyesi vya mende si la kuvuta. Tenganisha bodi na plastiki. Plastiki inaoshwa kwa maji na sabuni ya vyombo. Bodi nayo inaweza kuoshwa kwa maji na sabuni kidogo kwa mswaki, ikiwa haina betri wala spika, mradi ikauke kweli: masaa 24 mbele ya feni, na wakati wa masika masaa 48. Malizia kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi. Inafaa kidonda kuliko bodi.

Hapa ndipo tabia moja ya mafundi wa simu inapaswa kukataliwa kwa heshima. Petroli na thina vinasafisha bodi ya simu haraka, ndiyo maana vinapendwa. Lakini thina inayeyusha plastiki ya ABS na kufuta maandishi kwenye ganda, na petroli inaacha mafuta kwenye tundu la kaseti, ambayo yanakamata vumbi upya. Msasa nao usiukaribie ukingo wa kaseti. Rangi ya dhahabu pale, hasa kwenye kaseti za nakala, ni nyembamba sana. Ukiikwangua, siku hiyo itawaka vizuri, na masika yajayo shaba iliyobaki wazi itakuwa ya kijani. Pamba yenye alkoholi, mizunguko kadhaa hadi isitoke nyeusi, inatosha. Tundu la kaseti lisafishe kwa kadi ya benki iliyoisha muda, iliyozungushiwa kitambaa cha pamba chenye alkoholi, ukiiingiza na kuitoa mara 10. Kupuliza kwa mdomo kunaongeza unyevu mahali penye unyevu tayari. Kinachoponya ni kule kuitoa na kuirudisha kaseti; pumzi inapewa sifa isiyo yake.

Ikikataa kuwaka baada ya hapo, pima volti kati ya mguu wa 20 na wa 40 wa kila chipu ndefu. Inatakiwa isome kati ya 4.75 na 5.25. Ikiwepo, na skrini imeganda rangi moja, jaribu kaseti tatu tofauti kabla ya kulaumu chipu kuu. Picha yenye vigae vilivyochanganyika lakini gemu inaendelea kwa sauti yake inaelekeza kwenye pini chafu za kaseti au kichipu cha 6116 cha upande wa picha. Kusipokuwa na picha kabisa kwenye mashine iliyoanguka sakafuni, tazama kristali ya 26.601712 MHz, ile inayoipa mashine mapigo yake: ndani yake ni kipande chembamba cha kwatzi, nacho hupasuka.

Pedi zina ugonjwa mmoja mkubwa: waya. Ndani yake kuna nyuzi tano, na zinakatika pale waya unapotoka kwenye ganda, kwa sababu kibandani pedi huvutwa kutwa. Kata sentimita 5, unganisha upya rangi kwa rangi, funga fundo ndani ili mvuto usifike kwenye risasi. Vitufe vinavyogoma, safisha mpira na bodi kwa alkoholi kwanza. Mara nyingi ni mafuta ya vidole. Kubandika karatasi ya fedha ya sigara chini ya mpira, kama inavyofanywa kwenye rimoti, kunasaidia kwa muda lakini kunakwangua kaboni ya bodi, na kaboni hairudishwi kirahisi.

PlayStation zina hadithi nyingine, na mhusika mkuu ni lenzi. Kwenye matoleo ya mwanzo ya PlayStation ya kwanza, sehemu ya lenzi ilikaa jirani na ugavi wa umeme, na reli zake zilikuwa za plastiki. Joto na msuguano vikailegeza hadi ikawa inasoma tu mashine ikigeuzwa juu chini. Dawa inayotolewa haraka na mafundi ni kuzungusha kile kirezista kidogo pembeni ya lenzi ili kuongeza nguvu ya leza. Inasoma, mteja anafurahi, analipa. Leza iliyoongezwa umeme inachakaa kwa kasi na kufa moja kwa moja. Mpangilio sahihi ni huu: pamba na alkoholi kwenye lenzi, kwa wepesi, kisha futa grisi ngumu kwenye reli, weka grisi nyeupe ya lithiamu kiasi cha punje ya mchele, kisha jaribu diski halisi, si ya kuchomwa. Ikishindikana, nunua lenzi nyingine. Ukilazimika kugusa kirezista, andika omu zake za mwanzo kabla hujakizungusha.

PlayStation 2 iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, kwa hiyo vipuri havijaisha. Nene inafaa zaidi kwa anayekusanya kuliko nyembamba, kwa kuwa ina nafasi ya diski kuu kupitia adapta ya mtandao, na hivyo lenzi inapumzika kabisa. Kuendesha gemu kutoka kwenye fleshi inawezekana, ila milango ya USB ni ya toleo la 1.1, na video za katikati ya gemu zitakwamakwama. Usihangaike kutafuta fleshi ya kasi. Mlango ndio mwembamba.

Je, kapasita hazibadilishwi kamwe? Zinabadilishwa, lakini kwa ushahidi au kwa aina. Zile ndogo za kubandikwa juu ya bodi, za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, zinavuja hata mashine isipotumika: Game Gear, Amiga 600 na Amiga 1200 zibadilishwe zote bila mjadala. Kapasita za karatasi za Rifa zenye ganda la njano linaloangaza, kwenye ugavi wa umeme wa BBC Micro na kompyuta za umri wake, zinanyonya unyevu kupitia nyufa kisha zinatoa moshi zikiwashwa. Kwa hewa ya hapa zitoe kabla ya kuwasha mara ya kwanza, weka za X2 za polipropilini zenye thamani ileile. Na kompyuta za mezani za miaka ya mwanzo ya 2000, wakati kapasita mbovu zilipoenea viwandani, zina zile zilizovimba vichwa karibu na prosesa. Hizo mafundi wetu wanazijua. Wanachokosea ni kung'oa mbadala kwenye bodi nyingine chakavu ya umri uleule, au kuweka za kawaida mahali panapotaka zenye ukinzani mdogo wa ndani. Zinavimba tena.

Betri ni jambo la dakika tano lisilosubiri. Pipa dogo la volti 3.6 kwenye bodi za kompyuta za zamani za 286 na 386, au kwenye kadi ya ziada ya kumbukumbu ya Amiga 500, likate leo. Uchafu wake ni alkali, kwa hiyo paka siki, acha ifanye povu, suuza kwa maji, malizia kwa alkoholi.

Kuhusu plastiki iliyogeuka njano, maoni hapa ni mafupi: iache. Ndiyo, krimu ya saluni ya namba 40, yenye peroksidi ya asilimia 12, inarudisha weupe kwa saa chache za jua la Dar. Jua hilohilo linaacha mabaka pale krimu ilipokauka mapema, na unjano huweza kurudi hata kabatini.

Runinga ya chogo itunze kama sehemu ya mkusanyo. Bunduki ya gemu ya kupigia bata haifanyi kazi kwenye skrini bapa, kwa sababu inategemea jinsi mwanga unavyochorwa ndani ya chogo kwa wakati kamili. Tangu matangazo ya analojia yazimwe Dar, tarehe 31 Desemba 2012, watu wanazitoa kwa bei ya kubeba. Ndani yake, hata ikiwa imezimwa, kunabaki umeme wa maelfu ya volti. Kifuniko cha nyuma ni kazi ya fundi wa runinga.

Kuhifadhi: boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, na vifuko vya silika vya gramu 50 hivi kwa kila mashine, vile vya rangi vikibadilika, vikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili. Usifunge mashine kwenye nailoni pekee, inajifungia na unyevu wake. Usiweke vidonge vya naftalini vya kufukuza mende. Mvuke wake unalainisha baadhi ya plastiki. Waya za pedi usizizungushe kwenye ganda, kwa sababu mafuta ya plastiki ya waya yanakula ABS na kuacha mfereji usiofutika, na joto letu linaharakisha kazi hiyo. Washa kila mashine nusu saa kwa mwezi ili ijikaushe. Na chini ya kila moja bandika karatasi: volti ngapi, AC au DC, katikati hasi au chanya, miliampea ngapi. Adapta yake iandike vilevile na uifunge kwenye boksi hilohilo, kabla mtu wa nyumbani hajaikopa kwa ajili ya king'amuzi na kurudisha nyingine.